Limfoma za tumbo na utumbo: kuzilinganisha kwa asili ya seli ili dawa ifuate

Ripoti ya kinyama (kipande kidogo kilichokatwa mwilini ili kichunguzwe) inayosema tu "limfoma ya tumbo", yaani saratani ya seli za kinga, haimtoshi daktari kuandika dawa. Nyuma ya maneno hayo wamo wagonjwa wasiofanana hata kidogo. Yupo ambaye wiki mbili za antibiotiki zinaweza kumponya bila tone la kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Yupo mtoto ambaye uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na kila siku ya kungoja inamrudisha nyuma. Na yupo ambaye dawa kali zitamuumiza bure, kwa sababu ugonjwa wake ungekaa utumboni miaka mingi bila kumdhuru. Wote watatu wameumwa tumbo na kupungua uzito, na picha ya endoskopi (kamera inayoingizwa tumboni) ya mmoja inaweza kushabihiana na ya mwenzake. Kinachowatenganisha ni seli yenyewe: ni ya ukoo gani, na ilikuwa imefika hatua gani ya maisha yake ilipoharibika.

Naandika kwa daktari kijana, kwa mtaalamu wa maabara anayehesabu chupa za kingamwili zilizobaki kwenye jokofu, na kwa ndugu wa mgonjwa aliyeshika ripoti asijue aulize nini. Nataka msomaji akimaliza aweze kuchagua: vipimo vipi vitangulie, vipi vingoje, na jina lipi linabeba dawa ipi.

Mahali, umbo au asili?

Limfoma hizi zinaweza kupangwa kwa njia tatu, na zote bado zinatumika.

Njia ya kwanza ni mahali zilipoota. Nje ya matezi, njia ya chakula ndiyo sehemu ya mwili inayopata limfoma mara nyingi kuliko nyingine, na ndani yake tumbo lenyewe huongoza, likifuatiwa na utumbo mwembamba na pale unapokutana na utumbo mpana. Mahali panadokeza mengi. Punje nyeupe kwenye sehemu ya pili ya duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, humfanya mtu afikirie limfoma ya foliko. Vivimbe vidogo vingi vilivyotapakaa kando ya utumbo humkumbusha limfoma ya seli manteli. Mtoto mwenye uvimbe penye makutano ya utumbo, na utumbo uliojiingiza ndani ya mwenzake, hutufanya tutaje mapema Burkitt, limfoma inayokua kwa kasi. Lakini ni dokezo tu. Makutano hayohayo ndiyo makazi yanayopendwa na kifua kikuu cha tumbo, na kwetu Afrika Mashariki wagonjwa huanzishiwa dawa za TB kabla kinyama hakijachukuliwa. Mahali peke yake pasiamue.

Njia ya pili ni umbo: seli ndogo au kubwa, zimekaa kwa mafungu au zimesambaa. Uzuri wake ni kwamba hadubini na rangi za kawaida zipo karibu kila hospitali kubwa. Mpangilio uliotumika sana Marekani tangu 1982 ulitegemea umbo na haukujali kama seli ni B au T, koo mbili kuu za seli hizo za kinga. Matokeo yake, magonjwa yenye seli ndogo zinazofanana yaliwekwa kapu moja ingawa yanaua kwa kasi tofauti kabisa.

Njia ya tatu ni asili ya seli. Lukes na Collins kule Marekani, na Karl Lennert na wenzake mjini Kiel, Ujerumani, waliishika mwaka 1974. Ikapata nguvu kimataifa 1994, ikawa msingi wa mpangilio wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2001, na mipangilio miwili mikubwa iliyotolewa 2022 inatofautiana kwa majina kadhaa lakini yote imesimama juu yake.

Mimi nachagua asili bila kusita, kwa sababu ndiyo inayoeleza tabia ya ugonjwa na dawa inayoushika. Seli B huzaliwa kwenye uboho, hupita ukanda wa manteli unaozunguka foliko ya tezi (fungu la duara la seli B), huingia kitovu cha foliko ambako jeni zake za kingamwili hunolewa, kisha hutoka kuwa seli ya kumbukumbu kwenye ukanda wa pembezoni au seli ya plazma. Kila kituo huacha alama za protini, na saratani huendelea kuzibeba, kama lafudhi inavyofichua mtu alikokulia hata akihamia mbali. Rangi za kingamwili, ambazo kila moja huwaka inapokutana na protini yake kwenye kinyama, kazi yake ni kuisikiliza lafudhi hiyo.

Seli B au seli T

Swali la kwanza lina majibu mawili, na jozi ya protini za CD20 na CD3 hulijibu kwa wagonjwa wengi. CD20 ikiwaka kwenye seli za uvimbe, ni B; CD3 ikiwaka, ni T au jamaa zake NK, kundi jingine la seli za kinga. Limfoma nyingi za njia ya chakula ni za seli B, lakini kwenye utumbo mwembamba za seli T huonekana zaidi kuliko tumboni.

Kuna mitego miwili ya kuikwepa. Seli T za kawaida hujaa kwenye kila uvimbe wa seli B, kwa hiyo kuona CD3 mahali fulani hakutoshi. Ni lazima iwake kwenye seli zilezile zenye sura mbaya. Wa pili ni mkubwa zaidi kwetu. Limfoma ya plazmablasti, ambayo huwapata sana watu wanaoishi na VVU, hutokea mdomoni na pia kwenye njia ya haja kubwa, ni ya ukoo wa seli B lakini imeipoteza CD20. Mtu akiona CD20 haipo na CD3 haipo, asikimbilie kuandika kwamba si limfoma. Aongeze CD138 na MUM1, alama za seli ya plazma, na kipimo cha EBER kinachoonyesha kirusi cha Epstein-Barr, ambacho huwa chanya kwa wengi wao. Vivyo hivyo kwa mgonjwa aliyekwisha kupata rituksimabu, dawa inayoishika CD20: CD20 inaweza kufichika au kupotea, na hapo PAX5 au CD79a, alama nyingine za seli B, ndizo za kutegemea.

Seli ndogo za B: tatu zinazofanana, njia tatu tofauti

Hapa ndipo kuchanganya majina kunagharimu sana, na hapa ndipo rangi chache hufanya kazi kubwa kuliko popote. Kwenye jedwali, MALT ni limfoma ya tishu ya limfu iliyo kwenye utando wa ndani wa viungo, H. pylori ni bakteria wa tumboni, na saiklini D1 ni protini inayoisukuma seli igawanyike.

| | MALT | Seli manteli | Foliko ya duodeni |
|---|---|---|---|
| Kituo cha asili | ukanda wa pembezoni | ukanda wa manteli | kitovu cha foliko |
| CD20 | ipo | ipo | ipo |
| CD5 | haipo | ipo | haipo |
| CD10 | haipo | haipo | ipo |
| Saiklini D1 | haipo | ipo | haipo |
| Tabia | polepole | husambaa mapema | polepole sana |
| Hatua ya kwanza | kuua H. pylori, ikiwa tumboni | kemo yenye rituksimabu, kwa wengi | kufuatilia bila dawa |

BCL2, protini inayoizuia seli kufa, nimeiacha kwa makusudi. Kwa kawaida huwaka kwenye zote tatu, kwa hiyo haizitenganishi. Faida yake ni kuonyesha kwamba foliko inayotiliwa shaka ni saratani na si foliko ya kawaida.

Limfoma ya MALT inastahili maneno zaidi. Tumbo la mtu mwenye afya halina tishu ya limfu ya kutajika. Bakteria *Helicobacter pylori* ndiye anayeileta, kwa kuwasha ukuta wa tumbo miaka na miaka. Peter Isaacson na Dennis Wright waliieleza limfoma hii mwaka 1983 huko Uingereza, na inanifurahisha kila ninapokumbuka kwamba Wright huyohuyo alikuwa Makerere miaka ya 1960, akichunguza uvimbe wa Burkitt chini ya hadubini. Mwaka 1991 Wotherspoon na wenzake walimkuta bakteria huyo kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa MALT ya tumbo. Mwaka 1993 walionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: kati ya wagonjwa 6 waliopewa dawa za kumuua bakteria, limfoma ilitoweka kwa 5. Sababu ni kwamba seli B za saratani hutegemea msukumo wa seli T zinazomjibu bakteria. Akiondoka, msukumo hukatika. Leo tunajua kwamba kwa ugonjwa uliobaki tumboni, takribani robo tatu ya wagonjwa hupata nafuu kwa njia hiyo, ingawa inaweza kuchukua miezi mingi, hata kupita mwaka. Daktari asiye na subira huanzisha kemo kabla dawa ya kwanza haijamaliza kazi.

Wanaobaki wengi wana sababu. Karibu robo ya MALT za tumbo zina kipande cha kromosomu ya 11 kilichobadilishana nafasi na cha 18, na hizo kwa kawaida haziitikii antibiotiki. Pale kipimo cha jeni hakipatikani, mwendo wa ugonjwa utasema: bakteria ameondoka, limfoma imebaki. Mionzi ya dozi ndogo huwatibu vizuri wengi wao.

Kuna jambo la duka la dawa ambalo lazima liulizwe. Omeprazoli humficha bakteria, na wagonjwa wetu wengi huinunua wenyewe kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Kipimo cha H. pylori kilichofanyika huku mtu anameza omeprazoli kinaweza kusema hayupo naye yupo. Iachwe wiki mbili, na antibiotiki wiki nne, ndipo kipimo cha pumzi au cha choo kiaminiwe.

Seli manteli ni kinyume chake. Ubadilishanaji wa kromosomu ya 11 na 14 huwasha saiklini D1, na seli hugawanyika bila breki. Ikionekana utumboni, mara nyingi imeshafika kwenye matezi na uboho, na hata ukuta wa utumbo unaoonekana mzima kwa macho unaweza kuwa nayo. Wagonjwa wenye nguvu hupewa kemo yenye sitarabini, na vidonge vinavyozuia kimeng'enya cha BTK vimeongeza nafasi pale vinapopatikana. Mgonjwa wa aina hii akiandikiwa MALT kwa sababu tu seli zake ni ndogo na zimo tumboni, atapoteza miezi akimeza antibiotiki. Rangi moja ya saiklini D1 ingemwokoa. Kwa CD5 nina onyo dogo: seli T za kawaida huwaka pia, kwa hiyo itazame ukiwa umeiweka pembeni ya CD3.

Ile ya foliko ya duodeni mara nyingi hugunduliwa kwa bahati, mtu akiwa amekwenda kupimwa kwa shida nyingine. Ikithibitika kwamba haiko pengine mwilini, wengi hufuatiliwa tu.

Seli zinazokimbia: DLBCL, Burkitt

Limfoma ya seli kubwa za B zilizosambaa, ambayo wodini huitwa DLBCL, ndiyo inayoonekana zaidi katika njia ya chakula. Tiba yake ya kawaida ni R-CHOP, yaani rituksimabu pamoja na dawa nne nyingine. Burkitt inaweza kuifanana, lakini ukiipa R-CHOP pekee umeipa tiba pungufu. Burkitt inahitaji kemo kali ya mfululizo, dawa za kuukinga ubongo na uti wa mgongo, maji mengi ya mshipa, na figo zinazolindwa tangu saa ya kwanza, kwa sababu seli zikifa kwa wingi humwaga potasiamu na asidi ya yuriki kwenye damu.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, alipoanza mwaka 1957 kuwatazama kwa makini watoto wenye uvimbe wa taya, akachapisha 1958. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Watu wengi kwetu wanaijua ya taya na kusahau ya tumbo, ilhali watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania huja na tumbo lililojaa, uvimbe ukiwa kwenye figo, ovari au utumbo. Kwa mtoto wa namna hiyo Burkitt ifikiriwe siku ileile.

Asili ya Burkitt ni kitovu cha foliko, kwa hiyo CD10 na BCL6, alama za kitovu hicho, huwaka. BCL2 haiwaki, au huwaka kwa unyonge. Ki-67, inayohesabu seli zinazogawanyika, hukaribia asilimia 100. DLBCL inaweza kuwa na CD10, lakini mara nyingi ina BCL2, na Ki-67 yake hushuka hapa na pale. Hukumu ya mwisho ni kipimo cha jeni ya MYC, ambayo kwa Burkitt huwa imehama mahali pake. Kisipopatikana, mseto wa CD10, BCL2 na Ki-67 pamoja na umri wa mgonjwa hutoa jibu la kuanzia kazi.

Wengi huniuliza kuhusu kuigawa DLBCL yenyewe kwa asili. Alizadeh na wenzake walionyesha mwaka 2000, kwa kusoma jeni zinazofanya kazi, kwamba ndani yake wamo wa kitovu cha foliko na wale wanaofanana na seli B zilizochochewa, na kundi la pili liliishi muda mfupi zaidi. Mwaka 2004 Hans na wenzake wakatoa njia nyepesi ya rangi tatu. CD10 ikiwaka kwa asilimia 30 ya seli au zaidi, ni ya kitovu. Isipowaka, tazama BCL6: isipowaka nayo, si ya kitovu. BCL6 ikiwaka peke yake, MUM1 ndiyo mwamuzi: ikiwepo si ya kitovu, isipokuwepo ni ya kitovu. Njia hii hulingana na kipimo cha jeni kwa takribani wanne kati ya watano.

Je, inafaa gharama yake? Pale ambapo makundi yote mawili yatapewa R-CHOP ileile, mgawanyo huu hauwezi kutangulia kuthibitisha kwamba si Burkitt. Ila CD10 na BCL6 umekwisha kuzipaka, kwa hiyo kilichobaki ni MUM1 moja. Ipake kama ipo, uiandike kwenye ripoti, na usimcheleweshe mgonjwa kwa ajili yake. Kipimo cha H. pylori kina thamani kubwa zaidi kwa DLBCL ya tumbo, kwani zipo za hatua ya mwanzo zilizotoweka kwa dawa za bakteria pekee. Uamuzi huo ni wa bingwa, na mgonjwa afuatiliwe kwa karibu.

Seli T na NK: kali dhidi ya tulivu

Za T kali ni mbili kuu, na zamani zilibeba jina moja. Ya kwanza hufuatana na ugonjwa wa siliaki, ule wa utumbo kushambuliwa kwa sababu ya gluteni ya ngano, na huonekana zaidi Ulaya Kaskazini. Seli zake ni kubwa na za maumbo mengi, mara nyingi zina CD30, lakini hazina CD5, CD4 wala CD56, na nyingi hazina CD8. Ya pili haihusiani na siliaki, imeripotiwa sana Asia. Seli zake ni za ukubwa wa kati na zimefanana, zikibeba CD8 na CD56. Mwaka 2016 zikatenganishwa rasmi. Zote huanzia kwenye seli T zinazoishi katikati ya seli za ngozi ya utumbo, hutoboa utumbo, na wagonjwa wengi hawafikishi miaka mitano. Kutofautisha kunasaidia kwa mambo mawili: kumpima mtu siliaki, na CD30, kwa sababu ipo dawa inayolenga protini hiyo.

Tofauti ninayoihofia zaidi ni nyingine. Ipo limfoma tulivu ya seli T ya utumbo, na upo mrundikano tulivu wa seli NK ulioelezwa 2010 na 2011. Zote mbili hutisha kwenye hadubini. Ile ya NK ina CD56, na mtu akiiona tumboni anaweza kuandika limfoma ya NK/T, ugonjwa unaoua haraka. EBER ndiyo inayowatenganisha: limfoma ya NK/T inayo, mrundikano tulivu hauna, na mara nyingi huondoka wenyewe. Kwa seli T tulivu, tazama Ki-67, ambayo kwa kawaida iko chini ya asilimia 10, na tazama kama seli zimebaki juu juu bila kutoboa misuli. Mgonjwa aliyeugua kuhara miaka kadhaa huku akiendelea na kazi zake haendani na limfoma kali, hata ripoti ikisema hivyo. Kabla ya kemo, bloku (kinyama kilichohifadhiwa ndani ya nta) ipelekwe kwa mtaalamu mwingine aitazame.

Kinyama kidogo na fedha kidogo

Ningeanza na rangi tatu: CD20, CD3 na Ki-67. Hizo zinachagua tawi. Seli ndogo za B: CD5, CD10, saiklini D1. Seli kubwa au zinazokimbia: CD10, BCL6, BCL2, kisha MUM1. Zisizo na CD20 wala CD3: CD138, MUM1 na EBER. Seli T: CD8, CD56, CD30 na EBER. Vipande vyote vya bloku vikatwe kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kila bloku inaporudishwa kwenye mashine nyama kidogo hupotea. Daktari wa endoskopi naye achukue vinyama vingi, kutoka penye kidonda na pembeni yake, aviweke mara moja kwenye fomalini iliyosawazishwa ya asilimia 10.

Prednisoloni na deksamethasoni zingoje mpaka kinyama kichukuliwe, isipokuwa maisha yako hatarini saa hiyo. Huyeyusha seli za limfoma kwa siku chache, na kinyama kikija baadaye kitaonyesha makovu tu. Na kwa yeyote ambaye jibu lake litakuwa seli B yenye CD20, kabla ya chupa ya kwanza ya rituksimabu apimwe homa ya ini B pamoja na VVU, kwa maana dawa hiyo inaweza kukiamsha kirusi cha ini kilicholala, na kwetu waliokibeba bila kujua ni wengi.